Kofia ya Rubani na Maji ya Juu ya Upara

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Wengine niliowahadithia walinicheka katikati, na mtu akinikatiza katikati napoteza hamu ya kusema. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si shemeji yangu wala jirani wa rafiki yangu. Pombe sinywi, bangi sivuti, na siku ile sikuwa na homa. Wala haukuwa usiku. Watu wanadhani mambo haya hungoja giza, kumbe langu lilinijia alasiri, jua linachoma mpaka mbuzi wamejificha chini ya mikokoteni. Uniamini usiniamini, maneno ni haya haya, hayajabadilika tangu siku ya kwanza.

Mimi ni fundi viatu, nina kibanda changu Nyasubi, hapa Kahama mjini. Nashona viatu, mikoba na mikanda, na ukiniletea kiti cha pikipiki nakivalisha ngozi upya. Lakini ukiingia kibandani, kitu cha kwanza kukiona si viatu, ni kofia. Kofia za ngozi, zile za kubana kichwa zenye masikio mawili ya kufungia chini ya kidevu. Walizivaa marubani wa kijeshi wa zamani, enzi ndege haina paa wala kioo, rubani anakaa kichwa nje kama dereva wa trekta. Ya kwanza niliikuta kwenye belo la mitumba, imechanganyika na kofia za baridi za watoto. Nikaishika. Ngozi laini ya mbuzi, vipande sita vimekutana utosini bila hata kinundu, uzi wa kitani uliopakwa nta. Nilikaa chini pale pale sokoni. Nani alishona hivi, jamani? Na nani aliivaa, na alifika salama?

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa kofia. Nasoma kwenye simu mpaka bando linaisha, naandikiana na watu wa nchi za mbali wenye ugonjwa kama wangu, naagiza, nabadilishana. Mke wangu, Mama Kulwa, husema heri angeolewa na mfuga njiwa, maana njiwa wanaliwa. Siku hizi natambua ya kweli na ya bandia kwa kunusa tu. Usishangae. Ndege nyingi za vita vya kwanza, vita vya Mjerumani kama wazee wetu wanavyoviita, injini zake zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, haya haya tunayoyajua sisi. Injini ilikuwa inayatema nyuma, yanampata rubani usoni. Kofia iliyoruka kwenye ndege hizo hunuka nyonyo mpaka leo. Na nina mwiko mmoja katika kazi hii, sizivai. Jasho linaua ngozi kuukuu, na isitoshe kofia ya mtu ni kichwa cha mtu.

Sasa, siku moja akaja mama mmoja kutoka vijijini kule mbele ya Ushirombo, anataka nimshonee mkanda wa mkoba. Jina lake Mama Elias. Alipoinua macho ukutani akaniuliza, "Fundi, hizi unazitoa wapi? Mbona mama mkwe wangu anayo kama hii sandukuni?"

Nilijichoma sindano kidole. Nikamwuliza ilikuwa ya nani. Akasema ya baba yake mama mkwe, marehemu Mihayo. Akaongeza kwamba nikienda nisiitaje kwa mzaha, kwa sababu kofia ile imemliza yule bibi maisha yake yote.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilipanda pikipiki yangu kuukuu nikaenda.

Bibi Nyamizi nilimkuta amekaa barazani, miguu imemvimba, pumzi inakuja kwa kukatika. Moyo, walisema hospitali, na walimrudisha nyumbani apumzike. Lakini macho yalikuwa makali na ulimi mzima. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, kama wazee wanavyouliza. Nikamtajia. Basi akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Mtani," akasema. "Mungu ana mambo. Kati ya watu wote ameniletea mtani."

Ni kweli, koo zetu zinataniana, chanzo hata sikijui. Na utani wa kwetu si wa kuchekeana tu. Mtani akikukuta njiani ana haki ya kukunyang'anya kofia, fimbo, hata kuku, na huwezi kukasirika, unaikomboa kwa kitu kidogo. Na mtu akifa, mtani ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu mbele ya waombolezaji. Hapo ndipo penye kidonda cha Bibi Nyamizi, na alinieleza mwenyewe, akipumzika kila baada ya maneno machache.

Baba yake, Mihayo, alikuwa mpagazi wakati wa vita vya Mjerumani, kijana mdogo. Siku moja ndege ilitua kwenye mbuga, na mwenza wa rubani, anayekaa kiti cha pili kuangalia njia, alikuwa amezidiwa na homa, hawezi hata kusimama. Rubani akahitaji mtu anayeijua milima ya huku. Mihayo akaonyeshwa kwa kidole. Akavalishwa kofia ya mgonjwa, akafungwa kwenye kiti, wakapaa. Walishuka mbali sana, na Mihayo akarudi kwa miguu, kofia kichwani, akawaambia watu alichokiona.

Alisema ameona maji juu ya Upara.

Upara ni jiwe kubwa, liko peke yake kwenye tambarare, na kuta zake zimeteleza kila upande. Hakuna aliyewahi kulipanda. Hata kama ungeweza, wazee walikataza mguu wa mtu kulikanyaga. Kwa hiyo kijana aliyesema kwamba kule juu kuna ziwa, na ndege weupe, na kwamba ameyaona kwa kupita hewani, watu walimtazama, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakamwita Mwongo. Si kwa hasira, kwa kuchekesha tu, lakini jina la kuchekesha ndilo linaloganda. Wachumba walimkataa kwa sababu ya jina hilo, akaoa akiwa mtu mzima sana, akapata mtoto mmoja tu, Nyamizi. Naye akakua anaitwa Binti Mwongo. Kisimani Binti Mwongo, kanisani Binti Mwongo. Akisema mvua itanyesha, wanamwambia njia ya mwongo fupi.

"Na siku tuliyomzika," akasema, "babu zako walikuja. Mmoja akaivaa hii kofia, akapanua mikono, akawa anaruka ruka kando ya kaburi, mdomo unanguruma. Watu walicheka, mtani. Walicheka kwenye kaburi la baba yangu na mimi nimesimama pale. Na sikuruhusiwa kukasirika."

Aliagiza sanduku, Mama Elias akalifungua.

Nimeshika kofia nyingi, ndugu yangu, lakini hii niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeusi kwa uzee, ndani ina manyoya ya sungura, masikio yake yana vifuko vya kuzuia upepo, nyuma kuna kamba fupi ya kushikia miwani. Nikainusa. Nyonyo. Harufu ilikuwa nzito mpaka nikafumba macho.

"Sikiliza sasa," Bibi Nyamizi akaniambia. "Siuzi. Ila wewe unayezijua, niambie kitu kimoja kabla sijafa. Baba yangu aliruka, au aliiokota kofia mahali akatunga? Ukinihakikishia aliruka, ichukue, ni yako, nitakufa nimetulia. Kama alitunga, Mama Elias ataichoma moto. Sitaki wajukuu zangu warithi uongo."

Nilifurahi, maana nyonyo nilikuwa nimeshainusa. Nikafungua kinywa nimpe habari njema. Mama Elias akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwamba mama mkwe wake huipaka kofia ile mafuta ya nyonyo kila mwaka isipasuke, na baba yake naye alikuwa akiipaka hivyo hivyo.

Basi ushahidi wangu ukafa pale. Ningeweza kudanganya, naye asingejua, na kofia ningeondoka nayo. Shetani alinigusa bega, sikatai. Lakini huyu ni mama aliyekuwa ameomba kitu kimoja tu, asidanganywe. Nikamwambia, "Bibi, kofia ni ya kweli, ni ya rubani wa vita vile. Lakini kama kichwa cha baba yako kilikuwa humo ndani ilipokuwa angani, ngozi haisemi. Hata kwenye ramani za simu nimeangalia sasa hivi, juu ya Upara kuna weusi tu. Yaweza kuwa maji, yaweza kuwa kivuli au ukoga."

Akasema, "Basi nitakufa na jina lao. Irudishe sandukuni, mtani." Niliirudisha kwa mikono yangu, nikafunga kifuniko, na Mama Elias akalisukuma sanduku chini ya kitanda.

Niliondoka roho inaniuma. Iliniuma kwa ajili ya bibi, na iliniuma kwa ajili ya kofia, niseme ukweli wote.

Njia ya kurudi inapita chini ya Upara. Nilipofika pale cheni ya pikipiki ikachomoka. Nikashuka, nikachutama, nikaanza kuhangaika nayo, grisi mpaka kwenye viwiko. Nilipoinua kichwa kufuta jasho, nikamwona mzee amekaa juu ya jiwe dogo, hatua chache tu kutoka nilipo. Amevaa shati kuukuu la kaki. Na kichwani amevaa kofia ile.

Niliogopa? Hata kidogo. Nilicheka. Nilijua kabisa kinachoendelea, watani wamenianza. Ndugu yao mmoja ametoa kofia sandukuni, amepanda bodaboda kwa njia ya mkato, amekuja kunitega hapa ili wakacheke jioni. Wewe ungefikiri nini? Mtu wa kabila lisilo na utani angekimbia. Mimi nilinyanyuka nikiwa na ulimi tayari.

"Shikamoo, rubani," nikamwambia.

"Marahaba, mtani. Pikipiki imekushinda?"

"Heri yangu imenishinda nikiwa chini. Yako umeiacha wapi, mbinguni?"

Akacheka taratibu. "Yangu ilipanda ikashuka salama. Wewe hujawahi kupanda hata kichuguu, na unafuga kofia za watu waliopanda."

Hiyo ilinichoma, maana amejuaje habari za kofia zangu? Nikajijibu kuwa Mama Elias amewasimulia. Basi nami nikaona nisishindwe. Nikasema lile neno. "Njia ya mwongo fupi, mzee wangu."

Kicheko kilimtoka usoni. Hakukasirika, maana mtani hakasiriki, lakini alinitazama kwa uchovu ambao sijawahi kuuona kwa mtu aliye hai. Akasema polepole, "Watu wa kwenu hamjabadilika."

Nami nikafanya kile watani wanachofanya. Nikanyoosha mkono nikamvua kofia.

Ilikuwa ya baridi. Nisikilize vizuri hapa. Jua lile, jiwe lile linalopumua joto, na kofia ilikuwa ya baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, manyoya yake yamelowa umande. Vidole viliniuma. Halafu nikamwangalia mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba si ndugu yao yeyote. Mzee hakuwepo. Shati lilikuwa lile lile la kaki, sasa jipya, na aliyelivaa alikuwa kijana hajafika hata umri wa kuoa. Nywele nyeusi zimelala kwa kubanwa, midomo imepasuka kwa upepo, macho yanatiririka machozi. Mashavu yake yalikuwa yanang'aa mafuta. Nyonyo, kali, mpya, inanuka na moshi.

"Si umeichukua?" akasema. "Ivae basi."

Miaka yote sijawahi kuvaa hata moja. Naapa sijui mikono yangu iliagizwa na nani. Niliivaa.

Jamani, nitawaambiaje? Kwanza ulikuja upepo. Haukuwa wa kusikika kwa masikio, ulikuwa unanisukuma kifuani mpaka siwezi kuvuta pumzi. Halafu nchi ikaondoka miguuni. Ilikwenda chini, ikazidi kwenda, na mimi nikabaki. Nikaiona mbuga yote kwa mara moja, kijani na udongo mwekundu, njia za ng'ombe zimekutana kisimani, nyumba za msonge na moshi wake mwembamba, na hapakuwa na bati hata moja, wala nguzo ya umeme, wala barabara. Vilima vyote ninavyovijua toka utotoni vilikuwa vimekaa vimetulia, kama ng'ombe waliolala. Nililia. Si kwa woga. Ilikuwa nzuri mno, na nikaelewa kwamba mtu akishaiona hivi hawezi kunyamaza, lazima atasema, hata wamcheke.

Tukainama upande mmoja na Upara ukaja chini yetu. Yalikuwepo. Maji yalikuwepo, meupe kwa mwanga wa jua. Yalikuwa na umbo la kibuyu, dimbwi kubwa na dimbwi dogo, na kati yao shingo nyembamba, na kwenye shingo ile mti mmoja umeota kwenye ufa, umeinama juu ya maji. Ndege weupe wakaruka wote kwa pamoja. Na juu ya maji kikapita kivuli chetu, cheusi, umbo la msalaba. Katikati ya msalaba nikaona vichwa viwili vimejitokeza, kimoja mbele na kingine nyuma.

Nilijikuta nimepiga magoti kwenye mchanga. Kofia sikuwa nayo. Yule kijana alikuwa anaifunga chini ya kidevu, na kadiri alivyokuwa anaifunga uso wake ulikuwa unarudi uzeeni.

"Kamwambie binti yangu," akasema. "Na wewe mtani, ukichukua kofia ya mtu umechukua na mzigo wake. Mimi nimeubeba vya kutosha. Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma.

Akazunguka kona ya Upara taratibu, mkono unapapasa ukuta. Niliinuka nikamfuata mbio, nikaipita kona ile. Upande wa pili palikuwa na mbuga tupu, wazi mpaka macho yanachoka, hapana pa kujificha hata kunguru. Nikarudi kwenye pikipiki. Unajua cheni niliirudishaje? Mimi sijui. Najua tu kwamba niliendesha kurudi kwa Bibi Nyamizi na meno yanagongana kwa baridi, katika jua kali lile.

Niliwakuta barazani vile vile nilivyowaacha. Nikauliza kofia iko wapi. Mama Elias akanishangaa, akasema si umeirudisha mwenyewe sandukuni. Nikamwomba alifungue. Akaliburuta, akafungua, akaigusa, na papo hapo akaiachia. Alirudi nyuma mpaka ukutani, anapangusa vidole kwenye kanga.

"Ina umande," akasema.

Nikakaa chini mbele ya bibi nikamwambia yote. Sikuruka hata neno langu baya. Maji, umbo la kibuyu, mti ulioinama, ndege. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu hayo baba yake aliwaambia watu wote. Halafu nikamwambia kuhusu kivuli. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Kilikuwaje?"

"Kama msalaba, bibi. Na vichwa viwili hapa katikati."

Alijifunika uso kwa upande wa kanga. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hilo aliniambia mimi peke yangu, nikiwa mdogo, tunachunga. Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia wengine. Akasema, wameshaniita mwongo kwa maji, kitu wanachokijua, kivuli nimwambie nani?"

Ungedhani mambo yameishia hapo. Mimi pia nilidhani. Lakini bibi alipofuta machozi akasema, "Mimi nimeamini. Na waliocheka?" Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anatafuta faraja. Alikuwa anataka jina la baba yake litoke mdomoni mwa watu akiwa bado anasikia.

Kuna dada mmoja namfahamu, Rehema, namshonea buti zake. Anarusha droni kule upande wa Bulyanhulu, akipimia wachimbaji wadogo maeneo yao. Nilimwomba, akakubali bila maneno mengi. Siku aliyokuja, Bibi Nyamizi hakuweza tena kutembea. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kiti cha sofa juu ya mkokoteni, yeye juu ya sofa, kanga mpya, na kofia ya baba yake mapajani. Kijiji kizima kilifuata. Mzee Shija, jirani yake, ambaye kwa kumtania huyu mama hakuwa na mpinzani, akasimama njiani akasema Upara ni mwiko, tutaleta ukame.

"Wazee walikataza mguu," bibi akamjibu. "Hewa hawakuitaja. Pisha ng'ombe, Shija."

Droni ikapaa. Ikawa nukta, ikapotea juu ya jiwe. Rehema alishika kishikwambi chake mbele ya bibi, na sisi wengine tukabanana nyuma ya sofa. Ukaonekana ukuta wa jiwe, ukuta, ukuta, halafu ukingo. Halafu maji. Kibuyu kizima, na shingo yake, na pale kwenye shingo kisiki cha mti mkubwa wa kale kilichoinama, na chipukizi lake limeota pembeni. Ndege weupe wakaruka.

Hakuna aliyecheka. Bibi Nyamizi alinyoosha kidole akagusa kioo, picha ikapanuka ghafla, akashtuka, akacheka, na machozi yanamwagika. "Baba," akasema, "nimeyaona." Mzee Shija alivua kofia yake. Akasema, "Nyamizi, baba yako alisema kweli. Sisi ndio tuliokuwa waongo." Bibi alimtaka arudie kwa sauti, na walio nyuma wasikie. Akarudia.

Alikufa kabla ya mavuno, usingizini. Kwenye msalaba wa kaburi lake wameandika Nyamizi binti Mihayo, na hakuna mtu aliyemwita vinginevyo tangu siku ile ya mkokoteni. Kofia alinipa, kama alivyoahidi, nikaikataa. Kofia nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, nikaikataa, na Mama Kulwa mpaka leo anaona hapo ndipo nilipopona wazimu. Iko kwa wajukuu, na wageni wakienda wanaonyeshwa.

Na mimi? Mimi ninalala vibaya. Nikifumba macho, hata kanisani wakati wa sala, nchi inaondoka miguuni na upepo unanijaa kifuani, na inanibidi nishike benchi. Nimeshazoea, na siku nyingine nafumba makusudi ili nione tena. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba niliporudi Nyasubi nilisimulia, kama ninavyokusimulia wewe. Maji watu wanayaamini, video si imezunguka kwenye simu? Ila mzee wa chini ya Upara, kijana wa ndani ya kofia, hapo wanaangua kicheko. Wanasema niliyaona maji kwenye ramani ya simu, mengine nikatunga. Walianza kunitania, kwa kuchekesha tu. Jina likaganda. Juzi mwanangu Doto amerudi kutoka shule amevimba macho, ananiuliza kwa nini wenzake wanamwita Mtoto wa Mwongo.

Basi nakuonya, wewe unayesikia. Mtu akikuhadithia jambo ambalo hujaliona, kaa na ulimi wako. Usilicheke kwa sababu tu wewe uko chini na yeye alikuwa juu. Na ukimkuta mtani njiani, mtazame vizuri kabla hujamvua kofia, maana hujui nani amechoka kuibeba. Yule hakunidhulumu, alinipa ninachostahili kwa haki ya utani, na mimi siruhusiwi kukasirika. Nilimwambia Doto hivyo hivyo, kwamba tumebebeshwa, na ipo siku mtu atakuja kuupokea mzigo huu. Akaniuliza, "Lakini baba, ulimwona kweli?"

Nilimwona, mwanangu.